Jinsi nilivyotuliza vipimo vya kamera ya joto hapa Mafinga

Kamera ya infraredi tunayokagulia miguu ya wagonjwa wa kisukari ilikuwa inarukaruka: mguu uleule, dakika chache baadaye, namba nyingine. Kamera ilikuwa nzima. Tatizo ni baridi ya Julai. Mgonjwa anaingia kutoka nje, anavua viatu, anapigwa picha hapohapo, ngozi bado inapanda joto.

Sasa anavua viatu na soksi, anakaa dakika 15, nyayo zisiguse saruji. Dirisha limefungwa, hita imehamishwa, maana ngozi huakisi kidogo joto la vitu vya jirani. Kamera nayo tunaiwasha mapema itulie. Emisiviti, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyotoa mionzi ya joto, naiweka 0.98, ngozi ya binadamu ndiyo hiyo, iwe nyeusi au nyeupe. Umbali nimeuwekea alama ya utepe sakafuni.

Lililosaidia kuliko yote ni kulinganisha mguu na mwenzake. Kamera za aina hii nyingi zinaweza kukosea hadi nyuzi 2 za Selsiasi, ila miguu ikiwa kwenye picha moja, kosa hilo huigusa yote karibu sawa. Tofauti ikizidi nyuzi 2.2 mahali palepale, huenda kidonda kinaanza, kwa hiyo namwita daktari hata kama mgonjwa anasema, “Sisikii maumivu, mwanangu.” Wengi wao ganzi imeshawaondolea hisia. Picha za kurudia sasa zinakaribiana.