Mbili, kimya, mbili

Jumapili usiku. Mikono nimeiosha kwa sabuni ya unga mara tatu na bado inanuka grisi. Taa ya onyo la injini kwenye dashibodi ya gari langu imezimika. Naandika nikiwa bado na furaha, maana gari hili limenizoesha kufurahi kwa siku mbili tu.

Ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, na wanafunzi wangu wanaliita Babu. Mwezi Juni, nikirudi kutoka Urambo, taa ya cheki injini iliwaka. Nikasimama, nikafungua boneti kama tunavyofungua sisi tusiojua tunachotafuta, nikafunga. Kufika Tabora mjini ilikuwa imezimika yenyewe. Ikawa ndiyo tabia yake: kuwaka kwenye mashimo, kuzimika kwenye lami. Ilipoingia Julai, na asubuhi zetu za Julai zina ubaridi wake, Babu akaanza kukataa kuwaka mapema. Napiga stata mpaka jirani anatoka na mswaki mdomoni.

Kijana mmoja pale mjini ana kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu. Alitafuta pa kukichomeka, akazunguka, akaniambia, "Mwalimu, gari lako halina kompyuta." Kumbe linayo, ila ni ya zamani na haina habari na simu.

Mzee mmoja fundi, gereji yake iko chini ya mwembe upande wa Ng'ambo, ndiye aliyenionyesha. Kwenye injini kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu lililoandikwa TE1 na lililoandikwa E1, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unatazama dashibodi. Kama hakuna ubaya, ile taa inakonyeza mfululizo bila kupumzika. Yangu ilikonyeza mara mbili, ikanyamaza, ikakonyeza mbili tena. Hiyo ni namba ya kosa: ishirini na mbili. "Sensa ya joto la maji," mzee akasema, yaani kidude kinachopima joto la maji ya kupoozea injini; hakufungua kitabu chochote.

Hapo ningemwachia amalize. Lakini mshahara ulikuwa bado, na fundi mwingine alinihakikishia kwamba sensa hiyo anayo, ya mtumba, 20,000 tu. Akafunga. Taa ikabaki palepale. Baadaye ndipo nikajua kwamba injini hii ina sensa mbili za joto la maji, zinakaa karibu karibu: yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye mshale wa dashibodi, yenye waya mbili inapeleka kwenye kompyuta. Yeye alinibadilishia ya mshale. Mshale wangu haukuwahi kuwa na shida hata siku moja.

Nikaagiza ile ya waya mbili kutoka Kariakoo, ikaja na basi, 35,000. Nikafunga mwenyewe, nikachomoa fyuzi ya EFI, ile ya mfumo wa petroli, nikaiacha nje dakika nzima ili kompyuta isahau, nikarudisha. Siku ya kwanza raha. Siku ya pili raha. Siku ya tatu, tuta la karibu na shule, taa ikawaka. Nikaunganisha waya tena: mbili, kimya, mbili.

Sasa aibu yenyewe ni kwamba mimi nafundisha fizikia. Sensa hii ni kitu ninachokichora ubaoni kila mwaka: kikipata joto, ukinzani wake unashuka, kikipoa, unapanda. Lakini nilikwishatumia 55,000 kabla ya kukumbuka kwamba ninayajua haya.

Basi jioni moja nilichukua sensa ile ya zamani ya waya mbili, iliyotolewa kwa kuambiwa imekufa, nikaazima kipimajoto cha maabara na mita, nikabandika sufuria. Mke wangu akauliza kama leo tunakunywa supu ya spea. Maji ya mtungini, nyuzi 25: omu 2,000 hivi. Nikaongeza moto, namba zikaanza kuteremka taratibu bila kuruka. Maji yalipochemka (huku kwetu, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100) mita ilisoma kama 200. Sensa nzima kabisa. Niliitupa kazini ikiwa haina kosa.

Nilikaa na lile sufuria hadi maji yakapoa. Kompyuta haioni sensa, inaona umeme tu, volti 5 zinazopita kwenye waya na kurudi. Waya ukikatika, ukinzani hauna mwisho, na kwa hesabu yake hiyo maana yake ni baridi isiyokuwepo duniani. Haikubali. Inawasha taa, inaandika 22, halafu inajiamulia kwamba maji yana nyuzi 80 na maisha yaendelee. Ndiyo maana asubuhi ilikuwa inainyima injini baridi petroli ya kutosha, ikidhani imeshapata moto. Ile 22 ilikuwa inasema njia ya sensa ina tatizo. Sisi tukasikia "sensa" tu.

Leo asubuhi nikarudi kwa mzee. Shikamoo, marahaba, kisha akaniongezea mwangaluka ya uchokozi, maana anajua mimi si Mnyamwezi. Nikamweleza habari ya sufuria, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akaniambia niwashe gari nitazame dashibodi, yeye akaanza kupapasa waya kutoka kwenye soketi ya sensa, inchi kwa inchi, akiutikisa kidogo kidogo. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Akafika kwenye betri, taa ikawaka. Akaachia, ikazimika. Akabonyeza tena, ikawaka.

"Betri hii alifunga nani?"

Nilinyamaza kidogo. "Mimi, mzee."

Mwezi Mei nilipata betri kwa bei nzuri, kubwa kuliko kitako chake. Nikaifunga kwa mpira wa tyubu, nikajipongeza. Kona yake ilikuwa imeegemea ule mkanda wa waya, na kila shimo la barabarani likawa linautafuna. Kwa nje ganda lilikuwa zima. Mzee alipolichana kwa wembe, shaba ndani ilikuwa unga wa kijani, uzi mmoja tu ndio ulioshika.

Alikata pale, akaunga kipande kipya kwa kulehemu, akazungusha tepu nyeusi, akaupitisha waya mbali na betri. Betri yenyewe aliisogeza na kuikazia chuma. Dakika arobaini, 10,000, na soda nilimnunulia kwa hiari yangu. Nimezunguka kutoka Ng'ambo hadi Isevya na kurudi, nikiyatafuta mashimo kwa makusudi.

Kesho kipindi cha pili naingia darasani na sensa ile ya zamani. Nahitaji na sufuria, lakini mwenye sufuria amekataa.