Mafia, saa yako iache Dar

Nimemuuliza jamaa wa tiketi pale Nyamisati boti ya kwenda kisiwa cha Mafia inatoka saa ngapi, akaniangalia kama vile mi mtoto. "Inategemea maji." Basi tukakaa. Nilitoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri na basi nikijua mchana nakula Kilindoni, mjini Mafia, kumbe kule kwenye mikoko maji yakipwa boti haiendi popote, unakaa na muhogo wako wa kukaanga mpaka bahari iamue. Tumeondoka saa tisa. (Hiyo delta ya Rufiji ndo Wajerumani walificha manowari yao Königsberg vita ya kwanza, Waingereza wakaja kuimaliza 1915 na ndege zao zikirukia Mafia hukohuko. Ukiona ile mikoko unaelewa kwanini waliisaka kwa tabu.)

Kesho yake potwe, yule papa mkubwa. Msimu wake ni kama Oktoba mpaka Machi, mi nilienda Desemba. Mnazunguka na boti karibu na Kilindoni, nahodha kasimama anaangalia maji, af ghafla "rukeni rukeni!" na mi maski bado iko kwenye paji la uso. Nimeruka hivyohivyo, nimekunywa bahari ya kutosha, nilipoinua kichwa na kuirekebisha nikachungulia chini na mnyama yuko hapo, mrefu kuliko Hiace, mgongo una madoadoa meupe kama kanga (ndege, sio nguo), mdomo wazi anachuja uduvi na vidudu vidogovidogo wala hana habari na wewe. Ni papa lakini hali watu. Hairuhusiwi kumgusa, na kusema ukweli mkono wenyewe ulikuwa hauna nguvu hiyo.

Utende sitasema mengi, fukwe nzuri, hoteli za bei ya wazungu, na ndo ulipo mlango wa hifadhi ya bahari, ya kwanza Tanzania, toka 1995, kwa hiyo andaa hela ya kiingilio. Cha muhimu pale ni kuvuka kwenda kisiwa cha Chole. Maji yalikuwa yamekupwa, tumetembea kwenye matope mpaka ngalawa ilipo, ndala yangu moja imebaki humo mpaka leo. Chole kuna magofu ya Wajerumani, mizizi ya miti imeyakumbatia kuta hadi hujui kipi kinamshikilia mwenzake, na juu ya miti wananing'inia popo wakubwa wale wa matunda, mchana kweupe, wanagombana kama abiria wa mwendokasi.

Ila kilichonishika ni Kua, kisiwa cha Juani. Mji mzima wa mawe, misikiti, jumba la ghorofa, mibuyu imeota katikati ya sebule za watu. Wasakalava wa Madagaska waliuvamia karne ya 19, wakaua na kubeba watu utumwani. Babu aliyekuwa anatutembeza akatupa na ile simulizi ya zamani zaidi. Watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale hapo Mafia, waliunda jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe, af wakakamata watoto wao wakawalaza mchangani na kulishusha jahazi juu yao. Wa Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, wakawaalika wa Kisimani harusini, wakawaweka chumba cha chini ya ardhi, wenyeji wakawa wanatoka mmojammoja kimyakimya mpaka akabaki mzee mmoja anawapigia stori wageni wasishtuke, na mlango ukazibwa kwa mawe, na mzee humohumo.

Hapo tumesimama kwenye kivuli cha ukuta, wenzangu washatangulia kwenye boti, babu bado anaendelea na stori, nahodha anapiga kelele kule ufukweni maji yanapwa. Nikamwambia babu shikamoo tena, nikaondoka mbio na ndala moja.