Jinsi tulivyomaliza msimu wa raga na mstari wa mbele kamili bila kusajili nyota

Kila msimu wa ligi unapokaribia, hutokea mtu pale Lugogo, Kampala, akanishika bega na kunishauri nitafute tajiri. Wa mwaka jana alikuja na mpango mzima: angezungumza na jamaa yake mwenye fedha, jamaa huyo angewalipa mapropu wawili, yaani wale wazito wa mstari wa mbele, kutoka nje ya Uganda kwa nusu msimu, na baada ya hapo klabu ingejisimamia. Nilimshukuru, nikakataa. Nusu msimu ikiisha, propu aliyezoea mshahara hatacheza kwa nauli, na kijana wetu aliyewekwa benchi kwa ajili yake atakuwa amekwisha kuhama au kuacha mchezo. Mimi ndiye meneja wa timu, na ni mimi ambaye ningesimama mbele ya wachezaji kuwaeleza kwamba mfuko umekauka.

Wanaotoa ushauri huo hupenda kuitaja Uingereza kuwa ndiko raga inakolipa. Basi tuitaje yote. Mwaka 2022, katika msimu mmoja, Worcester Warriors na Wasps waliondoka katika ligi kuu ya huko kwa sababu ya madeni. Wasps hawakuwa klabu ndogo. Walikuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 2004 na tena 2007. Walihamia Coventry mwaka 2014, mwaka uliofuata wakakopa pauni milioni 35 kwa kuuza hatifungani, na deni hilo lilipoiva mwaka 2022 hawakuwa na cha kulilipa. Mwezi Oktoba wachezaji na wafanyakazi 167 walipoteza kazi kwa siku moja. Juni 2023 wakafuata London Irish, na ligi iliyokuwa na klabu 13 ikabaki na 10. Yote hayo yalitokea ingawa ukomo wa mishahara ulikuwa umeshushwa kutoka pauni milioni 6.4 hadi milioni 5 baada ya janga la korona. Mwaka 2024 Melbourne Rebels wa Australia nao wakafungwa. Hizo ni klabu zilizokuwa na fedha za televisheni na wamiliki wakubwa. Sisi tuna viingilio vya mlangoni, mauzo ya vinywaji, ada za wanachama na sehemu yetu ndogo ya udhamini, na wachezaji wetu wengi ni wanafunzi, makarani, askari na walimu.

Kwa hiyo nilipokaa na kocha kupanga msimu, tulikubaliana kwamba upana wa kikosi chetu tutautafuta ndani ya klabu yenyewe, na kwamba tutaanzia mstari wa mbele, yaani mapropu wawili na huka kati yao, ambao hutangulia katika skramu, pale wanane wa kila timu wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira, kwa kuwa hapo ndipo sheria inapombana mtu asiye na fedha. Timu inayoorodhesha wachezaji 23 lazima iwe na angalau sita wanaoweza kucheza mstari wa mbele. Ikiwa na kati ya 19 na 22, wawe watano. Mwamuzi huambiwa kabla ya mechi ni nani na nani, na wakipungua kiasi kwamba skramu haiwezi kuwa salama, huamuru skramu za bila kusukumana. Katika kikosi cha 23, yule ambaye kutoka kwake ndiko kumeleta amri hiyo haruhusiwi kupata mbadala, maana yake mnamaliza mkiwa 14. Beki akiumia unaweza kumpeleka hata mchezaji wa pembeni akazibe pengo. Propu wa kulia akiumia, huwezi kumpeleka mtu yeyote tu, kwa sababu shingo ya mtu huyo ndiyo inayowekwa rehani.

Ushauri wa pili tuliopewa, nao ulinigharimu muda mwingi, ulikuwa kwamba nguvu Kampala zimejaa, nikazichukue Kisenyi kwenye vinu vya mahindi, ambako vijana hubeba magunia ya kilo mia kutwa nzima. Kocha aliona tujaribu, tukaenda. Tulipata vijana wanne wenye mabega ambayo sijawahi kuyaona katika klabu yoyote, wenye nidhamu na wepesi wa kusikiliza. Siku ya kwanza ya skramu tulielewa tatizo. Mtu aliyezoea kubeba gunia hupokea uzito unaoshuka wima kupitia mgongo hadi kwenye miguu, ilhali uzito wa skramu huja kwa mlalo, kupitia mabega, huku mpinzani akikuvuta chini na kukupinda upande. Miguu yao ilisimama imara kama nguzo mahali ambapo ilipaswa kurudi nyuma, kukunja goti na kusukuma. Hilo lingeweza kufundishika. Lililotushinda ni kwamba wao hulipwa kwa gunia, na kila jioni waliyokuja mazoezini ilikuwa jioni isiyo na ujira. Tuliwapa nauli na chakula, lakini nauli si mshahara, na wana familia zinazowategemea. Watatu waliaga kwa heshima. Mmoja alibaki na yumo katika timu yetu ya pili, anaendelea vizuri. Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu bado nasikia watu wakiambiana kwamba mapropu hupatikana gereji na sokoni. Propu hutengenezwa, na huchukua muda ambao lazima mtu fulani aulipie.

Baada ya hapo tuligeukia watu wetu. Tulitafuta wachezaji ambao nafasi zao zilikuwa zimejaa kupita kiasi, wenye shingo fupi, nyonga zinazokunjika vizuri na tabia ya utulivu, kwa sababu mwenye hasira huangusha skramu. Tukampata flanka mfupi, mchezaji wa ubavuni mwa skramu, ambaye tungemfanya huka, loki wa safu ya pili ambaye urefu wake haukutosha tena kwa lainauti, pale mpira uliotoka unaporushwa ndani na warefu kuurukia, na senta mmoja mzito, beki wa katikati, askari polisi, aliyekuwa amepungua kasi. Huyu wa mwisho nilimwomba kwa upole, kwa kuwa kumwambia beki aende mstari wa mbele ni kumwomba aache jina alilolijenga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, kama nitacheza, nifundisheni. Sitaki kwenda kujaza nafasi."

Tulimfundisha. Alianza kwa magoti, mtu mmoja kwa mmoja, bila msukumo wowote, akijifunza kuweka mgongo bapa na mabega juu ya nyonga. Kisha mkono. Mkono wa propu ndio kila kitu, na hapa makocha wengi hupita haraka. Kiganja hushika jezi ya mpinzani mgongoni au ubavuni, kamwe si mkononi, na kiwiko hubaki juu. Kiwiko kikishuka, bega hufuata, na bega likishuka skramu nzima huenda chini pamoja na vichwa vilivyomo. Kocha alimfunga utepe mweupe kwenye kiwiko ili sote tuone kilikuwa wapi kila mwamuzi wa mazoezi alipoita kuinama, kushikana na kuingia. Wiki nyingi zilipita kabla hatujamruhusu kusukumana watatu kwa watatu.

Mashine ya skramu, ile ya kusukuma mazoezini, tuliitengenezea Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala. Mpya ya kuagiza nje ilikuwa haifikiriki. Tulimpelekea fundi wa kuchomelea picha na vipimo, akatumia mabomba ya chuma na bamba zilizotumika, akaweka vipande viwili vya chuma chini mithili ya skii ili iburuzike kwenye nyasi, nasi tukavisha mito yake sponji la godoro na turubai la lori. Uzito uliongezwa kwa magunia ya mchanga, na walipozoea, kwa wachezaji wawili kusimama juu. Iligharimu milioni moja na kitu za Uganda, tukazilipa kidogo kidogo, na fundi alituvumilia. Ukitaka kutengeneza yako, hakikisha mito ina pengo la kutosha kwa kichwa, na usikubali bomba jembamba eti kwa kuwa ni rahisi.

Ila ninalojivunia zaidi ni tairi. Huka haendi skramu tu. Ndiye hurusha mpira wa lainauti, na flanka wetu hakuwahi kurusha hata mmoja. Mwamba wa goli la raga uko mita 3 kutoka ardhini, na mrukaji anayeinuliwa hudaka juu ya hapo. Tukafunga tairi kuukuu la bodaboda kwenye mhimili wa goli, juu kidogo ya mwamba, likitazama pembeni mwa uwanja, na huka akasimama kwa umbali wa lainauti ya kweli. Tundu la tairi hilo halisamehe. Mpira ukiyumba au ukienda ubavu, hugonga ukingo wa tairi na kurudi. Hupita vizuri ukitanguliza ncha na kuzunguka sawasawa. Mwanzoni ilikuwa kugonga na kurudi, kugonga na kurudi. Alibaki uwanjani kila jioni mpaka msikiti wa jirani ukaadhini magharibi, peke yake, akirusha na kuokota. Nilimtafutia kijana wa kumwokotea mipira, kijana huyo naye akaanza kurusha, na sasa tuna mahuka watatu. Kamba na tairi havikutugharimu kitu.

Kuhusu fedha zenyewe, tulizipeleka kwenye mambo matatu: nauli, chakula baada ya mazoezi na mtaalamu wa viungo. Nauli hutumwa kwa simu kabla ya mazoezi, si baada yake, kwa sababu mchezaji asiye na nauli ya kuja hawezi kuja kudai nauli. Hesabu yote nilikuwa naibandika ukutani kila mwezi, pamoja na kile tulichokosa. Wapo viongozi wenzangu walioniambia kwamba kuonyesha upungufu kutawakimbiza wachezaji. Haikuwa hivyo hata kidogo. Walianza kupandia gari moja wale wanaotoka upande mmoja, na wa mstari wa mbele wakaomba mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi ili kuepuka foleni ya Barabara ya Jinja. Kumbe kinachomkimbiza mchezaji ni ahadi.

Mtaalamu wa viungo hatukuwahi kumpunguzia siku hata mfuko ulipokuwa mwembamba. Mchezaji wa ngazi yetu akipata mtikiso wa ubongo, mwongozo wa Shirikisho la Raga la Dunia unamzuia kurudi mechini kabla ya siku ya 21, na klabu yenye propu mmoja tu wa kulia hushawishika kumrudisha mapema. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuwa na kikosi kipana. Kijana wa watu ana maisha baada ya raga.

Mechi iliyotupima ilikuwa ya ugenini, Jinja, mvua ikiwa imenyesha tangu asubuhi. Huka wetu wa kwanza alizuiliwa kazini benki, na propu mmoja alikuwa bado anahesabu siku zake 21. Propu wa kulia tuliyeanza naye tulimpumzisha mapema kipindi cha pili, kwa mpango, ili awe na akiba ya nguvu. Mbadala wake akaumia kifundo cha mguu baada ya muda mfupi. Benchi la wenyeji likasimama kudai kwamba hatuna mtu tena wa nafasi hiyo, kwa hiyo tubaki 14. Nilikuwa na kitabu cha sheria mfukoni, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mchezaji aliyetolewa kimbinu anaruhusiwa kurudi kuchukua nafasi ya mwenzake wa mstari wa mbele aliyeumia. Sikulazimika hata kukifungua. Mwamuzi aliijua sheria vizuri, akampungia mkono propu wetu arudi. Alipoishiwa pumzi kuelekea mwisho, akaingia yule askari polisi. Skramu ya kwanza aliyoingia ilikuwa mita tano kutoka mstari wetu wa goli, mpira wao. Nilitazama kiwiko chake tu. Hakikushuka. Skramu ilisimama, ikazunguka kidogo, wakautoa mpira haraka kwa hofu ya kupoteza, na mabeki wetu wakawadaka. Tulishinda kwa pointi chache, nami nikakaa chini kwenye matope kwa sababu miguu ilikuwa imelegea.

Hatukuwahi msimu mzima kusababisha skramu za bila kusukumana. Fundi wa Katwe amelipwa, mtaalamu wa viungo amelipwa, na tulibaki na salio la laki chache, ambazo tumenunulia kinga za meno za vijana wa timu ya pili kabla ya mashindano ya wachezaji saba. Hivi sasa tunamfundisha propu mwingine wa kulia, kwa sababu yule askari amepata barua ya uhamisho kwenda Moroto, na anaripoti huko kabla ya ligi kuanza.