Kuurudisha Umakini Uliotawanyika

Umakini haupotei kwa siku moja, wala haurudi kwa kuazimia tu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu anapoacha kazi moja na kurukia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa ikiwa hakuimaliza. Ndiyo maana ukichungulia ujumbe mmoja tu, hata usipoujibu, unarudi kwenye kitabu na kusoma aya nzima macho yakitembea na akili ikiwa kwingine. Mimi huiacha simu katika chumba kingine, wala siilazi kifudifudi mezani, na ninapolazimika kukatiza kazi huandika kwanza sentensi moja inayoeleza nilipofikia na hatua itakayofuata. Sentensi hiyo hunisaidia kuliko programu yoyote ya kuhesabu muda. Usingizi nao una nafasi yake, na hilo halihitaji maelezo marefu. Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni zile dakika za mwanzo ambapo kichwa hudai kitu kipya na mkono huitafuta simu isiyokuwepo: hapo hubaki nimeketi, nikisoma upya mstari uleule kwa sauti mpaka maana yake iniingie.