Mara ya tatu ndo nililala: mimi na tanki la chumvi

Niko Minnesota mwaka wa nne sasa, nabeba boksi shifti ya usiku kwenye ghala, na aliyewahi kubeba boksi anajua ikifika alfajiri mgongo unakuwaje. Sasa kuna mama mmoja Mzungu nafanya naye kazi, nadhani alichoka kunisikia nikilalamika, Krismasi akanipa kadi ya zawadi ya spa ya kuelea, saa nzima, dola 70. Nikasema hee, dola 70 kwenda kulala kwenye maji, si angenipa tu keshi. Lakini zawadi ya mtu haitupwi, nikaenda, na mpaka leo nimeshaenda mara tatu, zile mbili za mwanzo niliharibu mwenyewe ndo maana naandika.

Wanaita tanki ila nililoingia mimi ni kama yai kubwa la plastiki lenye mfuniko, maji sentimita 25 hivi, hata goti hayafiki, ila humo ndani wamemwaga chumvi kilo 400 na ushee kwa hiyo huzami hata ukitaka. Hilo lilinipa moyo maana nimezaliwa Tanga lakini kuogelea sijui. Nikamuuliza dada wa mapokezi chumvi gani hiyo, akasema magnesiamu salfeti, nikagugo palepale, kumbe ni haluli! Haluli hii hii bibi alikuwa anatukorogea kwenye kikombe kusafisha matumbo, siku hiyo huendi mbali na choo. Nikajiapiza sinywi hata tone.

Mara ya kwanza nilitoka kazini moja kwa moja, vidole vyote vimechanika na makaratasi ya boksi, vile vijikato ambavyo hata huvioni. Kwenye rafu wameweka kikopo cha mafuta ya mgando, mimi nikajua ni ya kujipaka ukishatoka kuoga, kumbe ni ya kuziba vidonda kabla hujaingia. Jamani. Kuzamisha mikono tu ni kama nimeshika moto, nikajikaza, nikafunga mfuniko, nikazima na taa kama shujaa vile, halafu tone likadondoka kutoka kwenye mfuniko likatua kwenye paji la uso na mimi bila kufikiri nikalifuta kwa mkono uleule wenye maji ya chumvi. Jicho likawaka. Giza totoro, nimeziba masikio, napapasa swichi siioni, nasikia moyo wangu tu unapiga du du du, nikakumbuka mwanandani, basi akili ikahama kabisa nikausukuma ule mfuniko kwa miguu nikatoka. Dakika 20 hazikufika. Nimesimama chumbani natiririka chumvi, nalia jicho moja.

Yule mama nilipomsimulia akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia mbona hakuna anayekulazimisha kufunga wala kuzima taa? Na mimi maelezo ya ukutani sikuyasoma. Nikaanza kufuatilia haya mambo yalitoka wapi, kumbe aliyeanzisha ni daktari mmoja anaitwa John Lilly, mwaka 1954 kwenye taasisi ya serikali ya utafiti wa akili kule Maryland, alikuwa anataka kujua ubongo ukinyimwa sauti na mwanga na kila kitu utalala au utabaki macho, na enzi hizo mtu alikuwa anazamishwa mzima mzima amevaa kinyago cha kupumulia. Nikajiona kumbe mimi nimebembelezwa. Halafu kuna watafiti wa Tulsa, Oklahoma, walichapisha 2018 kwamba waliwaweka watu 50 wenye matatizo ya wasiwasi waelee kwenye maji kama haya, saa moja tu, wakatoka wametulia sana. Sawa, ila hata mimi ukiniondolea simu saa nzima natulia.

Mara ya pili nililipa hela yangu, ubishi tu. Mafuta ya mgando nikapaka kila kidole, mfuniko nikauacha nusu, taa nikaacha inawaka, na ile chupa ya maji baridi ya kupulizia macho nikaiweka mkono unapofika. Hapo nikakaa saa nzima bila kukurupuka, tatizo ikawa shingo, maana mtu asiyejua maji hakiamini kichwa chake, nimeikaza kama nimebeba ndoo. Na nywele! Nilikuwa nimesuka rasta mpya, ndefu, zikafyonza yale maji zote, nikasuuza nikaona inatosha, kufika nyumbani zimekauka zimekuwa katani kabisa, na mimi mtu wa Tanga katani naijua. Kichwa kinawasha siku tatu, mto umejaa unga mweupe, nikazifumua zote. Pesa ya msusi huku usiniulize.

Kwa hiyo mara ya tatu nikasuka twende kilioni, za kubana, nikalowesha kwanza nywele na maji ya kawaida kwenye shawa ili zisinywe chumvi sana. Chini ya kichwa nikaomba kile kiduara cha sponji, kinafanana na kata ya kubebea ndoo, ila na mikono nikainyoosha juu ya kichwa badala ya kuiweka pembeni, aisee, mgongo ule wa chini ukaachia wenyewe. Nikaanza na taa, baadaye nikazima nikiwa nimeshashika swichi ilipo, mfuniko nikaacha upenyo wa kama kiganja.

Mwanzoni akili haikai. Ada ya mdogo wangu, shifti ya Jumapili, tumbo linanguruma maharage ya jana na kwa vile umeziba masikio unasikia kila kitu, hata shingo ikilia. Unagonga ukuta taratibu, unajisukuma kwa kidole, unagonga wa pili. Halafu sijui saa ngapi, maji yana joto la nyuzi 34 na nusu hivi sawa na ngozi, nikawa sijui mkono wangu unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Sikuona malaika wala rangi kama wanavyosimulia wengine. Nililala tu. Kilichoniamsha ni mkoromo wangu mwenyewe.

Nimetoka nje theluji imejaa, mgongo hauumi, siku mbili nzima haukuuma, ya tatu ukarudi kama kawaida maana maboksi hayajapungua uzito. Pale mapokezi walitaka niwe memba nilipe kila mwezi, nikakataa, naenda nikipata ovataimu.

Mama nilimpigia WhatsApp nikamweleza yote, alinyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo mwanangu umelipa dola sabini ukalala kwenye haluli?" Nikamwambia ndiyo mama. Akasema basi nije likizo atanichemshia maji ya chumvi bure, beseni lipo.