Wakamchukua Kwao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tumekaa na Matendo ya Mitume 18, mstari wa 24 hadi 28, habari za Apolo. Ni mtu wa ufasaha, Maandiko anayajua, na roho yake inawaka. Habari za Yesu anazifundisha vizuri, ila ubatizo anaoujua ni ule wa Yohana tu. Prisila na Akila wanamsikia akinena katika sinagogi. Ningekuwa mimi, ningesimama pale pale kumsahihisha. Wao hawakufanya hivyo. Luka anasema "wakamchukua kwao", kisha ndipo wakamweleza.

Hilo neno "kwao" limenikaa moyoni tangu Jumatatu, maana Jumamosi tuna ubatizo, na wawili kati ya watakaobatizwa wametoka nyumba za Wakatoliki. Hapa Mombasa tukitaja uinjilisti, mawazo hukimbilia majirani zetu Waislamu. Lakini tazameni ushirika wetu wenyewe. Wangapi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliokuja kutafuta kazi bandarini na relini, wakaja na Rozari zao kutoka bara? Kwa hiyo swali la Apolo ni letu hasa: unamwendeaje mtu ambaye tayari anamwita Yesu Bwana?

Tazameni waliokutana na swali hilo kabla yetu. Tarehe 15 Oktoba 1882, mjini Salvador katika jimbo la Bahia, Brazili, watu watano walijiunga wakawa kanisa la Baptisti. Wanne walikuwa Wamarekani: William Bagby na mkewe Anne, Zachary Taylor na mkewe Kate. Wa tano alikuwa Mbrazili, Antônio Teixeira de Albuquerque, aliyekuwa padre wa Kikatoliki kabla ya kubatizwa na Wabaptisti mwaka 1880. Salvador ni mji ambao mtu wa Mombasa angeuelewa haraka: bahari, ngome, mkono wa Wareno kila mahali. Walianza kuujenga mwaka 1549, miaka 44 kabla hawajaanza kuijenga Fort Jesus yetu.

Brazili wakati ule ilikuwa na mfalme, na katiba yake ya 1824 iliufanya Ukatoliki kuwa dini ya dola. Wa imani nyingine waliruhusiwa kuabudu, mradi iwe ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe kwa nje isifanane na hekalu. Dini na serikali vilikuja kutenganishwa baada ya ufalme kuanguka, kwa amri ya mwaka 1890, na katiba ya 1891 ikalithibitisha hilo. Kwa miaka ile ya mwanzo, basi, sheria iliyowabana iliwaweka mahali pale pale Prisila na Akila walipomkaribisha Apolo, yaani nyumbani kwa mtu. Leo Wabaptisti wa Brazili ni wengi. Sensa ya 2010 ilihesabu zaidi ya milioni 3.7, na nchi ile bado ina Wakatoliki wengi kuliko watu wa dhehebu lolote jingine.

Mimi humfikiria sana huyu Teixeira. Wale wanne walivuka bahari, na nawaheshimu kwa hilo, lakini lugha ilikuwa yake. Misa aliijua kutoka ndani. Kabla hajaonana na Mbaptisti yeyote alikuwa amesimama altareni akisoma Injili ya Mathayo na ya Yohana. Wamisionari hawakumletea Kristo mtu asiyewahi kumsikia. Huyu ni Apolo kabisa! Na mwaka 1885 alirudi jimbo la Alagoas, kwao, kanisa likaanzishwa katika mji wa Maceió.

Lakini wapendwa, kuna jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatuwezi kulipita. Bagby na Taylor walitumwa na Wabaptisti wa kusini mwa Marekani, ambao waliunda umoja wao mwaka 1845 kwa sababu walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmisionari. Kanisa lililombatiza Teixeira, kule Santa Bárbara, lilikuwa la Wamarekani waliohamia Brazili baada ya upande wao wa kusini kushindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vita ambavyo utumwa ndio ulikuwa kiini chake. Na siku wale watano walipoomba pamoja Salvador, watu weusi walikuwa bado wanamilikiwa mji ule ule, kwa sababu Brazili ilifuta utumwa mwaka 1888. Ule umoja wa Wabaptisti wa kusini uliomba radhi hadharani mwaka 1995. Nikipita Kengeleni nikaiona ile kengele ya Freretown, mahali walipokalishwa watumwa waliokombolewa kuanzia mwaka 1875, hukumbuka hayo. Paulo anasema tuna hazina hii katika vyombo vya udongo. Vingine vilikuwa na ufa mkubwa, na sisi tumenywea humo. Aliyepokea Injili kwa njia hiyo hana ruhusa ya kwenda kwa jirani yake Mkatoliki kifua mbele.

Nami nilienda kifua mbele, tena kwa mama yangu mzazi.

Nilikuwa na miaka 22. Wiki mbili kabla ya ubatizo wangu nilisimama jikoni kwetu Changamwe, Biblia mkononi, nikamwambia kwamba ule ubatizo wangu wa utotoni ulikuwa kulowesha nywele tu. Alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua macho. Alimaliza fungu moja, akachukua la pili.

Siku yenyewe alikuja. Alipanda matatu mbili mpaka Nyali, akasimama mchangani na viatu vyake vya kanisani, mbali kidogo na wenzetu waliokuwa wakiimba. Nilipotoka majini, chumvi machoni na kanzu imeninata mwilini, mtu wa kwanza kunifikia alikuwa yeye, na leso kavu. Alinifunika kichwa kama mtoto, akasema, "Mara ya kwanza nilikubeba mimi. Leo umekwenda mwenyewe. Haya, jifute, utapata homa."

Jumapili iliyofuata alienda Misa kama kawaida yake.

Bado naamini ubatizo ni wa mtu aliyeamini mwenyewe, na ni wa kuzamishwa. Hilo sijalibadilisha, na Jumamosi nitalifundisha tena. Ila siku ile jikoni nilisema jambo la Mungu bila adabu, mbele ya mtu aliyenifundisha Baba Yetu kabla sijajua kusoma. Ilinichukua miaka kumwomba msamaha. Baada ya hapo tulisoma Luka pamoja jioni, mimi na Biblia yangu, yeye na yake ya Kikatoliki, yenye vitabu vya Tobiti na Yudithi. Nilimweleza kwa nini siombi kwa Mama Maria. Alisikiliza, akauliza maswali magumu. Yeye alinifundisha kukaa kimya mbele za Mungu. Sisi wenye vipaza sauti hatulijui sana hilo. Hakuhama kanisa. Padre ndiye aliyeongoza mazishi yake, nami nikaombwa nisome somo.

Basi Jumamosi. Tutakutana ufuoni asubuhi wakati maji yamejaa, maana yakipwa tutatembea juu ya mwamba mpaka tuchoke kabla ya kufika maji ya kiunoni. Wale vijana wawili nimewaomba wawaalike wazazi wao, waende wenyewe kwa miguu, wasitume ujumbe wa simu. Mama mmoja amekubali kuja. Mwingine bado. Kina mama wa ushirika, tafadhali ongezeni mahamri na chai, na mtu alete mkeka mzuri autandike karibu na maji, wageni wasisimame mbali.