Faili langu lilivyotoka jijini

Kwa miezi mitano nilikwenda ofisi za jiji na swali lilelile: kibali changu cha ujenzi kimefikia wapi? Nikajibiwa, "Bado kinashughulikiwa." Michoro ilikuwa kamili, kiwanja hakina mgogoro, ada nimelipa. Nondo nilizonunua mapema zikaanza kushika kutu.

Siku moja nikauliza tofauti. "Mama, faili hili likitoka kwako linakwenda kwa nani?" Yule mama wa masijala akanieleza kwa subira. Mipango miji huangalia matumizi ya ardhi na umbali wa jengo kutoka mpakani, halafu linakwenda kwa mhandisi, halafu afya, halafu zimamoto, mwisho kamati. Kila idara hungoja iliyotangulia imalize, na mchoro ukirekebishwa safari inaanza upya. Nilikuwa nimeshaamini kuna mtu amelikalia faili langu. Hakuwepo.

Nikaomba kusoma maoni ya idara. Afya walitaka shimo la maji taka lihamie nyuma ya nyumba, mbali na kisima. Zimamoto walitaka nyuma hukohuko kuachwe wazi, pawe njia ya kutokea moto ukizuka. Wote walikuwa na hoja ya kweli, ila hawakuwahi kuutazama mchoro pamoja. Mchoraji wangu alikuwa ameurekebisha mara mbili, na kila alipowaridhisha hawa, wale waliukataa.

Nikamwandikia mkuu wa mipango miji, nikaambatanisha maoni yote mawili, nikaomba maafisa hao wakutane na mchoraji kiwanjani. Walikuja. Haikupita saa moja wakaafikiana shimo liende ubavuni, na njia ya nyuma ibaki. Kibali kilitoka wiki tatu baadaye. Jiji lingeziketisha idara hizo meza moja tangu mwanzo, ningejenga kabla ya mvua, na nadhani wengi tungeacha kuwadhania maafisa rushwa kila faili linapochelewa.

Kwenye msingi fundi alitaka kumwaga zege Jumamosi. Nikamwomba asubiri, kwa kuwa kibali kilitaka mkaguzi azione nondo kwanza. Alinuna, na namwelewa, vibarua wanadai posho. Jumatatu mkaguzi alikuta nondo za pembe moja zimelala juu ya udongo. Tukaziinua kwa vipande vya zege, akatia saini, tukamwaga mchana uleule.